Siku Niliyomwagizia Aila Andazi

Mtaa wa Bay,
Thunder Bay, Ontario.
9 Novemba

Mpendwa dada Kaarina,

Hujambo huko Halifax? Goti lako linaendeleaje, na shemeji Lloyd bado anakohoa? Sisi tu wazima. Ziwa limeanza kuganda pembeni, na sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, tunaiwasha kila Jumamosi kama alivyotuzoesha mama.

Dada, naona aibu hata kushika kalamu. Kiangazi ulinilalamikia kwamba Aila ana maringo, kwamba msichana mkubwa wa miaka kumi na mitano anapewa simu aongee na shangazi yake, anairudisha bila hata salamu. Nikacheka, nikasema, "Ndio vijana wa siku hizi." Uongo mtupu. Aila anaumwa, dada. Ni ugonjwa wa wasiwasi. Akipewa simu koo linambana, mikono inatetemeka, mara nyingine anatapika. Tangu Septemba hajakanyaga shule. Nilijua yote hayo, nikaona afadhali umwite mringaji kuliko ujue kwamba anaumwa. Baba mzima!

Huku kwetu ukitaka kumwona mtaalamu wa vijana utangoja mpaka uote mvi. Ndipo daktari akatuingiza kwenye mpango wa matibabu ya mtandaoni. Kila Jumanne Aila anajifungia chumbani na kompyuta, anaongea na mshauri wake, Bi Odette, aliyeko Toronto. Kisha anapewa kazi ya wiki: afanye jambo dogo linalomtisha, mpaka woga uchoke wenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kununua andazi. Lile letu lililopakwa sukari ya rangi ya waridi, unalolililia huko. Tukapanga foleni dukani. Muuzaji akamuuliza, "Nikupe nini, binti?" Aila kimya. Watu nyuma wakaanza kuguna, jasho likanitoka mimi, nikaropoka, "Mpe la waridi, na kahawa yangu!"

Alilia njia nzima garini. "Nilikuwa karibu kusema, baba! Si ungengoja tu?" Jumanne Bi Odette akaniita mbele ya kamera, akasema kwa upole, "Mzee Reino, wiki hii kazi ni yako. Nyamaza." Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote namsemea mwanangu nikidhani namsaidia.

Jumamosi tukarudi. Niling'ata glavu yangu, dada, sikutanii. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe sauti ikatoka, ndogo: "La waridi moja." Muuzaji akanigeukia, "Na wewe, mzee?" Kabla sijafumbua mdomo Aila akamjibu, "Huyu leo haruhusiwi kusema. Mpe kahawa." Duka zima likacheka, masikio yakaniwaka moto.

Kazi ya Jumapili ijayo ni kukupigia simu wewe. Kakuchagua mwenyewe. Ikabidi nimwambie nilivyokuacha uamini anaringa. Akasema, "Basi nitamwambia mwenyewe kwamba siringi."

Kwa hiyo simu ikilia na usisikie kitu, nakuomba usikate. Usimsemee pia. Mngoje. Mimi nitakuwa nje nazoa theluji, nisije nikaropoka tena.

Msalimie shemeji Lloyd, na mpwa wangu Marjatta na wanawe. Mungu akuponye goti, na akupe moyo wa kunisamehe kwa ajili ya mtoto.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Reino