Maji ya Makambako Hayafiki Mia

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini ningeanzaje kukuandikia wewe bila shikamoo?

Tangu tukuzike pale Njombe mengi yamebadilika. Mimi sasa nafundisha fizikia Makambako, mwaka wa tatu huu, bado kwa kujitolea. Maabara tunayo, na vipimajoto vipo, vile tulivyokuwa tukivigombania wanne wanne darasani kwako. Ungefurahi. Halafu ungesoma ripoti za wanafunzi wangu, ungenuna.

Unakumbuka siku uliyonipa sifuri? Tulichemsha maji, ukatuambia tuandike nyuzi tulizozisoma. Mimi hata kipimajoto sikukitazama. Kitabu kilisema mia, nikaandika mia. Ukaniita mbele. "Wewe umeniandikia kitabu. Mimi nilitaka sufuria." Nililia, Mwalimu, na nikakuchukia wiki nzima. Ukanichemshisha tena mara tatu, mara zote tisini na kitu. Ndipo ukaniuliza kwa nini maharage ya mama yangu yanashinda jikoni kutwa, na ya watu wa pwani yanaiva upesi. Huku kwetu juu, ukasema, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika mia. Ukatusisitizia: namba iandikwe palepale, kwa peni, ukikosea piga mstari mmoja, usifute. Hitimisho litoke kwenye matokeo, matokeo yasitoke kwenye hitimisho.

Sasa sikia nilichofanya, na usinikasirikie haraka.

Mwezi uliopita Kidato cha Pili walichemsha maji kwenye mtihani wa vitendo. Karibu darasa zima waliandika mia. Neema peke yake, binti mmoja mpole wa kutoka Igwachanya, aliandika tisini na nne, na chini yake akaongeza: "Nimerudia, haikupanda." Mwongozo wa kusahihishia ulisema mia. Nikamkosesha. Mimi, Mwalimu, niliyefundishwa na wewe.

Roho ilinisuta, nikaenda kwa mkuu wa shule. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema taratibu tu, "Madam, alama zimeshapelekwa. Unataka tuonekane hatujui kusahihisha?" Barua yangu ya mapendekezo ya ajira ilikuwa pale mezani, haijasainiwa. Tuliitazama wote wawili. Nikasema sawa mkuu, nikatoka.

Tangu siku hiyo niko kama mbuzi wa kamba fupi, nazunguka palepale. Nikisema, ajira imekwenda, na nyumbani wote wananitegemea mimi. Nikinyamaza, kila asubuhi naingia darasani kufundisha jambo ambalo nimelisaliti. Kusema siwezi, kunyamaza siwezi. Laiti ungekuwepo ningepanda gari Jumamosi nije nikuulize, unitukane kidogo, unipe na chai.

Leo ndiyo imenimaliza. Nilikuwa nagawa vifaa vya jaribio jingine, jiko hata halijawashwa, Neema akanyoosha mkono. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Madam, leo tunatakiwa tupate ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Wenzake wote wakashika kalamu, wakangoja nitaje. Nikajifanya natafuta kiberiti.

Mtoto yule alikuja kwangu anajua kutazama, mimi ndiye niliyemfundisha kuacha. Ningekuwa nimempiga fimbo, kidonda kingepona. Naona aibu, Mwalimu, na naogopa pia, sitakuficha.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuaga kwa ahadi moja. Kesho nitamwomba Neema radhi mbele ya darasa, nimwambie alikuwa sahihi na mimi nilikosa, kisha niende ofisini kwa mkuu kudai alama yake. Naanza na Neema makusudi. Najijua: nikianza na mkuu, nitarudi tena nimesema sawa.

Mwanafunzi wako.