Lori Lililojaa

Jumanne, Kiganjo

Kosa ni langu. Niliandika kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa kwamba lori la taka linakuja leo, nikasahau kusema ni la lile rundo la kona peke yake. Basi, Ngai, Mungu wangu, majirani wakatoa kila kitu! Masofa, sufuria zilizotoboka, hata mlango.

Lori likajaa, likaenda, na nusu ya taka bado iko pale. Nimeona aibu.

Shosho Wairimu, bibi kizee wa ploti ya nyuma, nilimkuta amekalia godoro la marehemu mzee wake.

“Pole, shosho. Godoro lako limeachwa.”

“Pole ya nini? Ulisema lori litakuja, na limekuja.”

Akashika upande mmoja, akaniambia nishike ule mwingine, tulirudishe nyumbani.