Mchezo Wako Umepata Upande Wake wa Sinia

Shangazi yangu,

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa barua huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Basi sisi hapa Tibirinzi hatujambo. Hofu juu yako sina, uko kwa Mola wako. Ila leo nimekukumbuka mno, na nina habari ambayo nikimpa mtu mwingine ataona nimepungukiwa. Kwa hiyo nakuchapia wewe, kwa vidole vyote kumi, bila kuangalia kibodi. Ungeniona ungeringa.

Ile kompyuta yako kongwe ilikufa wiki ile ile tuliyokuzika. Bi Mgeni, mwanafunzi wako, alisema imekufuata, na watu msibani wakacheka huku wanajifuta machozi. Saidi, fundi wa sokoni, aliifungua, akatikisa kichwa, akasema cha kuokoa ni diski tu. Kaka Hamadi akaniletea kompyuta mpya kutoka Wete, nyembamba, ina kasi, memori tele. Nikahamishia mchezo wako humo, nikaufungua. Ukaniandikia kwamba memori haitoshi.

Unaukumbuka ulivyokuja, mchezo wenyewe? Ulikuwa wa Kizungu. Maneno yanateremka kutoka juu ya kioo, na mtu anatakiwa ayachape kabla hayajagusa chini. Wanawake wa darasa lako la kuchapa walikuwa wanaiogopa kibodi, kila mmoja akidhani akibonyeza vibaya ataiharibu na mumewe atasema. Wewe ukalifungua faili la maneno, ukayafuta yote, ukatia yetu: shelisheli, makonyo ya karafuu, ukindu, mchuzi wa papa. Halafu ukatia majina yao. Siku jina la Bi Mgeni lilipoteremka mara ya kwanza alisahau kabisa kuchapa, akabaki analitazama. Lilipokuja tena alivipiga vibonye kama anatwanga kisamvu, na akalipata. Ndiyo mara ya kwanza mama yule kuliandika jina lake.

Sasa nieleze, ningewaambia nini watu kama hao? Niliwatafutia mchezo mwingine, mpya, una rangi na muziki. Wakaja kidogo, kisha wakaanza kuumwa kichwa, kuwa na wageni, kuwa na shughuli. Bi Mgeni peke yake ndiye aliyenitamkia ukweli: "Miye nchezo huu haun'jui." Nikajua darasa lako linanifia mikononi. Nililia, Shangazi. Nilikuwa nimeshakupoteza wewe, sikuwa na nguvu ya kupoteza na hilo.

Saidi akasema kama mchezo unalia memori, dawa yake ni kuuongezea. Akatia kipande kingine. Ujumbe ule ule. Mashine imeshiba mpaka inacheua, na mchezo umekaa mbele yake unasema hauna kitu.

Ikafika hitima yako. Pilau ilikuwa ya kutosha, alhamdulillahi, na wala haikuungua, usiwe na wasiwasi. Masinia yalipowekwa, binti yangu Rahma alikaa na watu wazima. Akautazama ule wali uliojaa mpaka ukingoni, akaangua kilio kwamba yeye hana chakula. Kila mtu anamsogezea, anamuongezea nyama, naye anazidi kulia. Bi Mgeni akapitisha kidole kwenye wali, akamkatia kipembe kidogo mbele yake, akamwambia, "Ntoto, hapa ndo pako." Rahma akanyamaza, akala, akamaliza.

Nilishindwa kuendelea kula. Mimi nilikuwa hivyo hivyo nilipoletwa kwako baada ya mama kufariki. Watu wengi, sinia kubwa, na mimi najiona sina kitu. Ukanichorea mstari kwenye wali kwa kidole chako, ukaniambia maneno hayo hayo, hapa ndo pako. Sikuwahi kukwambia kwamba nilidhani unasema nyumba. Na kumbe nyumba pia ulinipa.

Hapo ndipo mchezo uliponijia akilini. Nikainuka na mkono wangu una mafuta ya pilau, nikatuma Saidi aitwe kutoka upande wa wanaume. Nikamwambia, tusiuongezee. Tuukatie. Alinitazama sana, nikadhani ataniambia nikapumzike. Kisha akapiga paja lake. Akasema mchezo ule umetengenezwa zama za kompyuta zenye memori kidogo, huenda hii nyingi unashindwa kuihesabu, na ukishindwa unaona hamna kitu. Akasema ipo programu ya kutengeneza kompyuta ndogo ya kujifanya ndani ya ile kubwa, na mfumo wake wa zamani, na memori yake kidogo. Aliijua siku zote. Hakuwaza tu kwamba ugonjwa unaweza kuwa shibe.

Kesho yake akaja, akaukatia upande wake, na mchezo ukafunguka. Neno la kwanza kuteremka lilikuwa makonyo. Niliona kama umeingia mlangoni na kikapu chako, unauliza mbona watu wamekaa kimya.

Wanawake wamerudi wote, na Bi Mgeni amekuja na dada yake. Ahsante, Shangazi. Ahsante kwa kazi niliyoipata kwa vidole hivi, ahsante kwa hawa watu ulioniachia, na kwa ule mstari kwenye wali.

Jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Tulikuwa tukikuuliza kwa nini jina lako halimo kwenye mchezo, nawe ukijibu, "Langu nalijua." Leo nimelitia. Lilipoteremka hilo jina lako, Zuhura, darasa zima liliganda. Mimi mwenyewe vidole vilikataa. Likashuka, likashuka, karibu liguse chini, na Bi Mgeni akajipenyeza ubavuni mwangu akaanza kutwanga kisamvu chake, herufi moja moja, mpaka akalipata. Kisha akaenda zake uani.

Buriani, Shangazi yangu. Mola akupe nafasi pana huko uliko. Jina lako litateremka kila siku ya darasa, pamoja na yetu, na siku zote atakuwepo mtu wa kulichapa. Nakuahidi, halitagusa chini.

Mwanao