Safari ya Kwa Baba Uliyonificha

Kaka Ntandu,

Shikamoo sikupi. Tangu nijue kusema sijawahi kukunyima. Hata siku zile tulizokuwa hatuongei nilikuamkia kwanza, ndipo nikanuna. Leo nakunyima, na sababu unaijua.

Ulikufa wakati wa palizi, sasa watu wanavuna. Mama yuko kwake Unyambwa, anakula kidogo, na kila nikienda ananiulizia habari za mashua kana kwamba ni mjukuu aliyeachwa kwangu. Mashua ipo. Iko palepale nyuma ya nyumba yangu hapa Mandewa, imefunikwa lile turubai la bluu, na kuku wanatagia chini yake. Nilikusudia kukuandikia maneno ya kukulilia. Nimeyaanza mara nyingi. Kila nikifika pa kuandika "kaka yangu mpenzi" mkono unagoma, kwa sababu ya aliyonieleza Njiku.

Nitafika kwa Njiku. Kwanza nikukumbushe msumari.

Uliukanyaga ukibandua mbao za lile sanduku kuukuu, ukasimama kwa mguu mmoja ukiuchomoa kama mtu anayechomoa mwiba. Nilikwambia nenda hospitali ukachomwe sindano ya pepopunda. Ukamwagia mafuta ya taa, ukafunga kipande cha kitambaa cha tanga nililokuwa nashona, ukarudi kupiga randa. Ulisema msumari wa seremala haumuui seremala. Nilikuuliza tena kesho yake, na keshokutwa, ukanijibu kuwa nina mdomo. Haya. Asubuhi moja uliamka taya hazifunguki. Tulipokufikisha hospitali, daktari alimtazama mama badala ya kukutazama wewe, nikajua.

Nilikaa nawe pale kitandani. Ulikuwa unanitazama, Ntandu, kwa macho ya mtu mwenye neno, na meno yamebana kama koleo. Nilidhani unataka maji, nikakulowanisha midomo kwa pamba. Nilidhani ni maumivu, nikamwita nesi. Mwisho nikadhani unaniusia mama, nikakujibu kwa sauti, mbele ya wagonjwa wenzako, kwamba nitamtunza asipate tabu. Ukafumba macho. Mimi mjinga nikaona umeridhika. Nikatoka nje nikawaambia watu kwamba kaka ameniusia.

Tulipomaliza matanga kwa mama, wageni wakatawanyika, Njiku akaja. Njiku rafiki yako wa karakana, mliyepunguzwa naye kazi shirika lilipobinafsishwa, mkaanza kuranda milango pamoja chini ya bati moja. Alikaa kwenye kigoda, akanipa pole mara ya tatu, akazungukazunguka. Ndipo akasema dereva wa lori la vitunguu anauliza kama bado mashua itapakiwa, maana wewe na yeye Njiku mlishapatana na dereva huyo.

Nikamwambia hapana, aliyepatana na dereva ni Ntandu, kwa ajili yake na yangu. Safari ni ya watoto wa Mzee Mughwai. Wewe Njiku unaingiaje?

Akainama. Alianza kuchora chini kwa kijiti. Nikamwambia aseme.

"Dada Hawa, marehemu alisema wewe hutakwenda. Alisema utaambiwa siku ya kupakia."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema, 'Hawa hamkumbuki baba. Anachokumbuka ni nilichomsimulia mimi.'"

Nilimpa chai, akanywa, akaondoka. Nilikaa pale mpaka mama akaja kuniuliza kama nimeota mizizi.

Sasa nieleze, kama unaweza. Ni kweli nilikuwa mdogo kule Pangani. Baba alikwenda kukata mkonge kama walivyokwenda Wanyaturu wengi, akamwita mama, ukakulia kule, nami nikazaliwa kule. Hata jina hili la Mwanahawa ni la mkunga wa kule aliyenipokea. Baba alipokufa alizikwa ng'ambo ya mto, juu ya kambi, na nyapara akampa mama muda mfupi wa kuachia chumba. Tukateremka mtoni kwa mashua ya mchukuzi wa nazi hadi mjini, mama ameukalia mzigo akitazama nyuma. Wewe ndiye uliyenisimulia hayo, kila mara, tangu tukichunga. Ulinisimulia vizuri. Ulisema tutarudi kwa njia ileile tuliyotokea, kwa maji, tuupande mto mpaka pale, tulifyeke kaburi na kulisemesha. Ulisema "tutarudi". Kwa Kinyaturu ulisema hivyo, na kwa Kiswahili ulisema hivyo. Sijawahi kukusikia ukisema "nitarudi".

Na mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo, kama safari haikuwa yangu? Wakati ule maduka yalipokuwa matupu na kitambaa kilikuwa cha kupanga foleni, nilikuwa naficha vipande. Ilipokuja ruksa ya biashara, bidhaa zikajaa, nikafurahi kama mwendawazimu. Mitumba ikaingia nayo, sare za shule zikabaki karibu ndiyo kazi pekee ya cherehani yangu, majirani wakanionea huruma. Mimi nikasema angalau sasa naweza kupata turubai na kamba za nailoni. Nililishona tanga lile kwa mkono sehemu zote ambazo sindano ya cherehani ilivunjika. Vidole vyangu bado vina alama. Wewe ulilipima, ukalikunja, ukasema limetoka vizuri. Tayari ulikuwa umeshapanga nani atakaa chini yake.

Na pale ziwani Singidani ulipokuwa unanifundisha, ilikuwa ya nini? Wavuvi wa pale na makasia yao walitucheka, wakauliza tangu lini upepo wa Singida ukafanya kazi ya mtu. Ulinipa kamba ya tanga nishike. Ulinifundisha kuiachia kidogo upepo ukizidi, ulinifundisha kuutazama uso wa maji kabla upepo haujafika. Jioni tulichora njia kwa kidole kwenye mchanga: lori mpaka Bagamoyo, tushushe mashua, kusi itusukume kaskazini tukiandama ufuko, kila jioni tulale nchi kavu, tupite Saadani, mpaka mlango wa mto Pangani. Hapo ndipo tuligombana. Wewe ulitaka kuingia tukifika tu. Mimi nilisema tusubiri maji yajae ndipo yatuingize, maana mto na bahari vinapigana pale mlangoni. Tuligombana mpaka mama akatuita watoto. Mtu anagombana hivyo na mtu ambaye hatamchukua?

Nilikasirika hata nikataka kuipasua mashua iwe kuni. Nilitoka na shoka, Ntandu, sikufichi. Nililiinua turubai, nikakuta umeweka vikalio viwili. Viwili tu, na kimoja umekishusha chini, kwa kipimo cha mtu mfupi kama mimi. Njiku ni mrefu kama mlingoti. Nilisimama pale na shoka langu. Labda ulikipima mwanzo, kabla hujabadili nia. Labda ulibadili nia mara mbili, na lile neno lililokwama mdomoni kule hospitali lilikuwa hilo. Sijui, na wewe ndiye uliyenifanya nisijue. Ulikuwa na mwezi mzima wa taya nzima, ukakaa kimya. Nililirudisha shoka, lakini usidhani nilikusamehe. Kuku walikuwa wanaatamia.

Kisha nikaanza kujiuliza kama ulisema kweli. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kuachwa. Nilipekua kichwani kila nilichonacho cha baba, na kila nilichokishika kilikuwa na sauti yako. Kofia yake, ni wewe. Kikohozi chake, ni wewe. Wimbo wake wa kukatia mkonge, ni wewe, hata pale unapokosea. Nikabakiwa na kitu kimoja tu. Miguu. Mtu amelala ndani gizani na miguu yake iko nje ya kizingiti, nami nairuka kwenda kukojoa, nikiogopa kuikanyaga. Hujawahi kunisimulia miguu.

Nikaenda Unyambwa. Nilimkuta mama anapepeta uwele. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza kama baba alikuwa na desturi ya kulala miguu nje.

Mama aliacha ungo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Ntandu?"

"Ntandu hakuwahi kunisimulia."

Alikung'uta makapi kwenye khanga. Akaniambia kwa Kinyaturu kwamba maji ya mkonge yalikuwa yanamwasha baba mpaka magotini, hasa usiku, kwa hiyo alilala mlangoni ili miguu ipate upepo. Wewe ulikuwa ukilala chumba cha jirani na watoto wengine wa kiume, usingejua. Mama mwenyewe alikuwa ameshasahau. Aliposema hivyo alijifunika khanga usoni, na mimi nikalia, na kilikuwa kilio changu cha kwanza cha haki tangu tukuzike. Nililia kwa ajili ya baba. Wewe hukuwemo.

Kwa hiyo ulikosea. Nataka ulisikie hilo huko uliko. Namkumbuka baba. Ni kidogo, ni miguu tu, lakini ni yangu.

Mama hakutaka niende. Alisema bahari imeshamtazama akiwa mjane mara moja, hataki imtazame tena. Baba mdogo naye alikuja kunikalisha chini, akasema mtoto wa kike haendi kulifyeka kaburi la baba, na mashua iuzwe kwa wavuvi wa ziwa Kindai. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwandalia ugali na mlenda. Aliposhiba nikamwuliza ni lini yeye amepanga kwenda kulifyeka kaburi la kaka yake. Akasema tutaongea. Hajarudi. Mama alikuwa ndani akisikiliza. Kesho yake alinitumia mlenda mkavu kwenye mfuko, umefungwa mara mbili usiingie maji. Nikauweka pamoja na tanga.

Njiku nimemchukua. Usifurahi. Mashua haiendi na mtu mmoja, na yeye peke yake ndiye ambaye hakunicheka. Tuliishusha Singidani asubuhi moja upepo ukiwa mkali, wa hapa kwetu, unaokujia kutoka kwenye miamba bila kubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja nyuma kukaa penye usukani, kama mlivyopanga.

Nikamwambia, "Usukani nashika mimi."

Akanitazama, akaitazama mashua. "Marehemu alisema..."

"Marehemu amekufa, Njiku."

Akahamia mbele, magoti yakimgusa kidevu. Tulipofika katikati upepo ukatupiga ubavuni, naye akashika mbao kwa mikono yote miwili akasahau kamba. Nikaidaka nikaiachia kidogo kama ulivyonifundisha, mashua ikajiinua, tukaenda. Ndege heroe waliruka wote mbele yetu. Aliporudi nchi kavu alitapika, akafuta mdomo, akauliza kwa adabu kama safari ndefu nayo iko hivyo. Nikamwambia ni mbaya zaidi. Bado anakuja. Kuna maji yanaingia kidogo kwenye kiungo cha chini ulichokifanya haraka, nimekiziba upya kwa pamba na lami. Kazi yako nyingine sina la kusema. Ni nzuri, na hilo nalo linanikera.

Tunapakia Jumamosi, juu ya magunia ya vitunguu, mashua ikiwa kifudifudi. Dereva anasema Kintinku tutalala, kisha tuendelee. Pale mlango wa mto nitasubiri maji yajae, hata kama ni siku nzima, na Njiku akiuliza nitamwambia tulishagombana juu ya jambo hilo nami nikashinda.

Sina jingine. Sikutakii ulale pema kwa leo. Wengine wamekutakia, inatosha. Ila nakuahidi, na ahadi yangu haingoji siku ya kupakia ndipo isemwe. Nitaupanda mto mpaka ng'ambo ya kambi. Nitalitafuta kaburi, na nisipolijua nitauliza wazee mpaka nilijue. Nitalifyeka kwa mkono wangu. Nilikuwa nimepanga kumpelekea baba habari ya kifo chako, kisha nikakumbuka kwamba umeshafika kwake. Umetangulia bila mimi, kama ulivyotaka. Basi tumia nafasi hiyo. Kabla sijafika, mwambie kwa mdomo wako kwamba Hawa yuko njiani, na kwamba ni yule mtoto aliyekuwa akimruka miguu.

Mdogo wako,
Hawa