Mulango wa Miti wa Mji wa Bankambo

Mujukuu wangu Odette,

Jambo sana. Huku Nchelenge tuko wazima, na mama yako anauzisha samaki kule Mununga.

Unauliza kama bankambo, wazee wetu wa zamani, walikuwa na milango ya ngome kama ile ya mawe ya huko unakosoma. Yetu ilikuwa ya miti. Nilipokuwa kijana, baba alinionyesha mahali pake: mtaro wa kuzunguka mji na njia moja nyembamba, ili adui wapite mumoja mumoja.

"Mulango huu ulituokoa," baba akasema.

Mama yake, bibi yangu, aliyekuwa pamoja nasi na aliyezaliwa katika mji ule, akajibu: "Siku ya vita waliufunga haraka. Dada yangu alikuwa angali shambani."

Nikamuuliza bibi kama mulango ule ulikuwa muzuri ao mubaya.

"Mimi nilikuwa ndani, mutoto. Sijui."

Na mimi sijui, Odette.

Ni mimi, nkambo wako