Malaria ya Umbilo

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, Umbilo Road hapa Durban ni maji matupu, na mimi nina hasira nzuri.

Ndiyo, nzuri. Iko hasira inayokulaza na iko inayokuamsha. Hii ya leo imeniamsha.

Ninaomba nafasi kwenye programu ya kujiandaa kusomea udaktari. Sehemu nyingine zote za fomu nilishazijaza, likabaki swali moja: kwa nini mwaka jana uliacha masomo katikati? Jibu ninalijua. Nilishuka moyo hadi nikashindwa kuoga, nikashindwa kula, nikatamani nisiamke. Nikalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Dawa ninameza mpaka leo.

Haya, nimeyaandika, na dari haijaniangukia.

Lakini nyumbani kwetu ugonjwa huo una jina lingine. Unaitwa malaria. Mama aliwaambia hivyo watu wa kanisani, akamwambia shangazi aliyeko Bukavu, akawaambia wateja wa saluni yake. Miezi yote ile waliniombea malaria, mikono juu ya kichwa changu, na mimi nikaitikia amina. Simlaumu sana. Malaria haimwaibishi mtu, kwetu kila mtu ameiugua. Wazimu ndio unaofunga milango, hata ya wachumba.

Sasa juzi mama akataka niandike hivyohivyo kwenye fomu. "Andika malaria, mama," akaniambia. "Ba docteur batakuelewa."

Mama wee! Watanielewa vipi, na Durban haina malaria? Watakaosoma ni madaktari. Wataniuliza huyo mbu wa Umbilo alishukia kwenye robot gani, taa zipi za barabarani. Nilicheka mpaka mama akanuna.

Yaya Solange, yaani dada Solange, binamu yangu mkubwa anayeuza simu mjini, hakucheka. Yeye alisomea hukuhuku, anawajua watu wa vyuo. "Malaria usiandike, na ukweli pia usiandike," alisema. "Sema ni matatizo ya famille, basi. Ukisema ni kichwa, batatupa jina yako ku poubelle, ku takataka."

Maneno yake yaliniuma kwa sababu huenda ni kweli. Nafasi ni chache. Wakiliona neno wodi, wanaweza kusema huyu atatuangukia mikononi, tumchukue mwingine. Wiki nzima nimeogopa, sidanganyi.

Leo nikamkumbuka mama mmoja Mrundi niliyelazwa naye. Kila daktari alipomuuliza anaumwa nini, alijibu tumbo. Wakampima tumbo, wakampa dawa ya tumbo. Ni mimi aliyeniambia, kwa Kiswahili, kwamba alifiwa na mtoto na tangu siku hiyo haoni sababu ya kula. Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilikaa tu kando ya kitanda chake.

Ndipo nikaandika. Wodi, dawa, yote. Mwisho nikaweka hivi: nataka kuwa daktari ambaye mama wa Kikongo akimwambia ni malaria, atavuta kiti, akae, amuulize tena kwa Kiswahili.

Nikatuma papo hapo saluni, kwenye simu, huku mashine ya kukaushia nywele ikinguruma sikioni.

"Mama, nimetuma. Sikuandika malaria."

Mama aliendelea kusuka, vidole vikikaza, vikikaza, mpaka mteja akapiga kelele, "Eish, mama, polepole!" Ni mama wa kanisani kwetu, mmoja wa wale walioniwekea mikono. Akanitazama kwenye kioo.

"Kwani haikuwa malaria?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kabisa, na maneno yangu nilishayapanga. Mama akaniwahi.

"Haikukuwa malaria," alisema, bila kuinua macho. "Mutoto yangu alikuwa mugonjwa ya mawazo. Anakunywa dawa. Inamisha kichwa, nimalize."

Mteja akainamisha kichwa. Mimi nikachukua ufagio nikafagia nywele ambazo nilikuwa nimeshazifagia, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka kumharibia mama kazi.

Sasa wanijibu wanavyotaka. Wakinikataa, watakuwa wamenikataa mimi, si mbu.