Upande wa Dirishani

Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha mbao,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na mapacha wako, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi ni mzima kwa namna yangu ile ile ya siku zote: nina manundu saba mkono wa kushoto na matano wa kulia, na hayo ni ya leo tu, wala jua halijazama.

Barua yako niliipata, ile ya kunialika nije kuishi nanyi kwenye nyumba mpya. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, cherehani ikinisubiri. Umesema umeniandalia chumba kizuri, chenye dirisha kubwa linalotazama bwawa, na kwamba nitalala na mapacha kwa sababu wananikumbuka sana. Siku hiyo nilishona huku naimba. Najua nimechelewa kujibu, na wala si kwa kukosa shukrani. Kuna jambo limenipata hapa, na ukimaliza kulisoma utaona kwa nini kalamu ilikuwa nzito.

Kwanza mbu. Usicheke! Unajua nilivyo tangu utoto, ndiyo maana mkanibandika jina la Madoa. Tukikaa watu kumi kibarazani, tisa wanapiga soga na mmoja anajipiga makofi, na huyo mmoja ni mimi. Nimejisugua maganda ya limau. Nimejipaka mafuta ya taa mpaka wateja wakawa wananiongelesha kutoka mlangoni. Nimevaa soksi mbili mbili kwenye joto hili. Wapi! Wanapita juu ya vichwa vya watu wote kunifuata.

Kazini ndiyo kabisa. Nikikanyaga pedali wananiuma kwenye vifundo vya miguu, nikiinama kujikuna mshono unakwenda upande. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja na kitambaa kizuri cha suti. Nikanyoosha utepe nimpime mabega, akaiona mikono yangu. Akaniuliza kwa upole kama nimeshaenda hospitali. Halafu akakumbuka ana kikao, akakunja kitambaa chake akaondoka nacho. Jana nimemwona barabarani na suti imeshashonwa.

Hayo nimeyazoea. Sasa sikiliza yasiyozoeleka.

Wifi alipojifungua mwaka jana, kaka aliniita nihamie kwao nimsaidie mkewe. Nikahamia. Wakaniweka chumba cha mtoto, yeye kwenye kitanda chake kidogo, mimi kwenye changu kando yake. Kila mmoja alikuwa na chandarua chake. Cha mtoto kilikuwa kifupi, akipiga teke kinapanda na miguu inabaki nje. Changu kilikuwa kirefu na kizima, ila kilikuwa na tabia moja ya ajabu: kilikuwa kinatoboka.

Leo ninaziba tundu, baada ya siku nne tano kuna jingine, tena kila mara upande wa kichwani. Nikasema ni panya. Nikanunua mtego, nikautega chini ya kitanda, na wifi akanisaidia kuchagua pa kuuweka. Wiki sita, dada, mtego haukushika hata mende. Nikawa naziba tu. Nimetia viraka kumi na moja kwenye chandarua kile, na kila kiraka nilikishona vizuri kama nashonea mteja.

Malaria ilinilaza mara mbili. Ya pili ilinikuta shule zinakaribia kufunguliwa, nina sare sitini mezani. Siku tisa sikujua mchana ni upi. Nesi alinishika kope akaona weupe, akatikisa kichwa. Sare zile alizimalizia fundi mwenzangu, yule mama tunayemwita Bi Vifungo kwa sababu hatoki nyumbani bila vifungo mfukoni. Nilipopona akaniambia niache kukaa kwa watu, nihamie chumba chake cha uani, tuunganishe mashine zetu tuwe na duka moja.

Nikawaeleza nyumbani. Ungewaona! Kaka aliacha kula. Wifi alitokwa machozi ya kweli kabisa, akasema mtoto hatakubali kulala bila shangazi yake. Moyo wangu ukalainika kama nta. Mimi, asiye na mume wala mtoto, kumbe kuna nyumba haiwezi kulala bila mimi! Nikamrudia Bi Vifungo nikamkatalia, na nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilifua chandarua asubuhi nikakianika kwenye kamba. Kulikuwa na tundu jipya. Kwa kuwa jua lilikuwa linapiga kwa nyuma, nikaliona tundu lile vizuri kwa mara ya kwanza, maana yale mengine yote niliyaziba kwenye giza la chumbani. Kingo zake zilikuwa na meno. Meno madogo madogo, sawasawa, kama ya msumeno.

Dada, panya hakati hivyo. Katika nyumba ile kuna kitu kimoja tu kinachokata hivyo, nao ni mkasi wangu wa meno, ule ninaokatia kingo za vitambaa visifumuke. Nikauchukua, nikauweka kwenye tundu. Ulikaa meno kwa meno. Nilikaa chini palepale uani, juu ya beseni la nguo zilizoloa, wala sikuhisi maji.

Walipokuwa wanakula mchana nikaja na chandarua na mkasi, nikaviweka mezani katikati ya sahani. Wifi akaangalia chakula chake. Kaka alikohoa, akanywa maji, na sifa moja nitampa, hakunificha. Alisema mbu wakiniuma mimi, mtoto hawamgusi. Walishaliona hilo tangu wiki ya kwanza: usiku ninaolala kwenye chandarua kizima, mtoto anaamka na vipele, na usiku kikiwa na tundu anaamka safi. Basi yeye ndiye aliyetoa wazo na wifi ndiye aliyekata. Kaka akasema ni mtoto, ningeelewa.

Na ningeelewa! Hilo ndilo linaloniuma kuliko manundu yote ya maisha yangu. Mtoto yule nampenda. Wangeniambia, ningelala bila chandarua hata wiki nzima, na siku ya nane tungekwenda pamoja kununua wavu wa dirisha tukaupigilia misumari. Kazi ya nusu saa. Hawakuniomba. Walingoja nitoke kwenda kazini, wakachukua mkasi wangu mwenyewe niliouacha nyumbani, wakanifungulia mlango wa mbu. Na nikiwa natetemeka kwa homa, wifi huyo huyo alinishikia kikombe cha maji akinipa pole.

Nilifungasha siku ile ile. Ila kabla ya kuondoka nilimshonea mtoto chandarua kipya, kirefu, nikatia mpira kwenye pindo ili hata akipiga teke kisipande. Dirisha nililipigilia wavu mimi mwenyewe, kaka akinishikia misumari bila kunitazama usoni. Nasikia mtoto anaamka safi. Sasa nipo kwa Bi Vifungo, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi niseme kama nabaki tufungue duka au nakuja kwako.

Hapa sasa nafika kwako, dada yangu.

Nilipokuwa nabeba begi langu mlangoni, kaka alisema jambo ambalo tangu siku hiyo limekataa kutoka kichwani. Alisema nisimwone yeye mbaya peke yake. Si yeye aliyeanza. Nikuulize wewe ni nani aliyekuwa akinilaza dirishani.

Unakikumbuka kile kitanda tulicholala watatu? Kaka ukutani, wewe katikati, mimi dirishani. Kila siku ulinisogeza ukisema mdogo wangu lala huku upate upepo. Maisha yangu yote nimeringia upepo huo. Nikiwa na huzuni naukumbuka. Hata siku ya harusi yako nilisimama mbele ya watu wote, nikasema nina dada aliyekuwa anavumilia joto ili mimi nipate upepo. Watu wakapiga makofi. Kaka alicheka mpaka soda ikampalia, nami nikadhani ni furaha. Wewe uliinama, ukajifuta macho kwa pindo la shela. Nimekuwa najiuliza wiki nzima ulikuwa unafuta nini.

Mlikuwa watoto, najua. Mtoto wa miaka kumi akigundua namna ya kulala bila kuumwa ataitumia, hata mimi ningeitumia. Sitakununia kwa hilo. Ninachotaka ni kuambiwa, na niambiwe na wewe, si na mtu anayejitetea mlangoni.

Nisalimie shemeji sana. Mwambie shati lake la kijani limeshakamilika, linangoja mtu wa kumletea. Wabusu mapacha, na umwambie shangazi yetu mkubwa kwamba miwani aliyoiulizia nimeipata kwenye sanduku la nyuzi. Mungu awalinde nyote, aipe nyumba yenu mpya usingizi mzuri na amani.

Barua yako ya mwaliko ninayo hapa mbele yangu, nimeisoma tena leo. Dirisha kubwa, bwawa, mapacha, na mwishoni umeandika kwamba chumba kinapata upepo mzuri. Kabla sijakata tiketi, naomba unijibu swali moja tu, na unijibu kweli hata kama itaniuma.

Dada, kitanda changu umekiweka upande gani?

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Madoa